Mwiko Si Wangu

Mabira, Septemba 14, 1986. Jumapili.

Jana mchana mvua ilishuka, mvua ya kweli, si ile ya kudanganya vumbi. Leo nimetoka misa, sijavua hata gauni la kanisani, nikapanda maharage shamba la juu, lile linalopakana na kichaka. Padri akisikia nimeshika jembe Jumapili atanisema. Aseme. Mvua haijui Jumapili.

Mume wangu Gaudiosus alikaa kwenye gogo akiniangalia. Mwezi wa saba alianguka kutoka juu ya lori la kahawa, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia hauinuki kupita kifua. Hospitali walimwambia mfupa umeunga vibaya. Yeye anasema utanyooka. Mimi namjibu, "Ndiyo, Baba Anonciata," kisha nachukua jembe lake na langu.

Septemba 21.

Mvua. Nimepalilia kahawa.

Septemba 29.

Maharage yameota sawasawa kama watoto wa shule kwenye mstari. Jirani yangu Therese amepita, akasimama na kusema, "Kampire, mwaka huu utauza hadi utuonee huruma."

Oktoba 5.

Nimeamka nimekuta shamba la juu limenyolewa. Si kuliwa hapa na pale. Limenyolewa. Vishina vimebaki kama njiti za kiberiti, na katikati yake nyayo za kwato mbili, zimechongoka mbele. Mbawala. Hapa tunamwita engabi. Mchana analala kichakani, jioni na alfajiri anatoka kula, na ukimshtua anabweka kama mbwa.

Nikamwita Gaudiosus. Alikuja, akaangalia zile nyayo, akavua kofia. Anamvulia kofia mnyama aliyekula chakula cha mtoto wake!

"Ni engabi," akasema.

"Naona. Na bunduki unayo."

"Mama Anonciata, unajua."

Najua. Engabi ni mwiko wa ukoo wao. Hawamli, hawamuui, hata ngozi yake hawaikalii. Gaudiosus amewinda nguruwe mwitu na kanga tangu ujana kwa bunduki ya mitutu miwili aliyoachiwa na baba yake, lakini engabi akimtokea njiani humpisha kama anampisha mama mkwe.

"Huo ni mwiko wenu," nikamwambia. "Mimi nilikuja kutoka Rwanda nimeshika kanga ya mama yangu. Mwiko wa baba yangu ni ndege. Mbawala tulikula, tena tukalamba vidole."

"Uko kwenye kibanja, ardhi ya ukoo wangu."

"Niko kwenye kibanja. Na maharage yangu yako tumboni mwa mwiko wako."

Nimepanda tena mbegu iliyobaki. Nyingine sina.

Oktoba 12.

Tumetundika makopo kwenye kamba ili yagongane kwa upepo. Engabi amekuja, amesikiliza muziki, amekula. Kwa Therese pia amekula. Mume wake Evaristi amemsimamisha mtu wa majani na kumvalisha koti. Asubuhi koti lilikuwa limelowa umande na maharage yamekwisha hadi miguuni pake.

Oktoba 15.

Leo nimetoa bunduki ndani.

Gaudiosus aliniona nikiifungua. Nilidhani atanipokonya. Badala yake alicheka, kicheko kibaya, cha mtu anayeumwa. "Hujui hata inakula nini," akasema. Kisha, nadhani kwa sababu hawezi kuona kitu chake kikishikwa vibaya, akaenda kuleta kopo la risasi.

Nyingi zilikuwa za marisau, vipunje vya risasi vidogo kama mtama. "Hizi za kanga," akasema. "Ukimpiga engabi kwa hizi utampa vidonda, hutamuua. Ataondoka nazo mwilini, atakwenda kuoza akiwa hai." Chini kabisa zilikuwamo chache zimeandikwa SSG. Akaichambua moja iliyoharibika kwa unyevu akanimwagia kiganjani marisau yake, makubwa kama punje za maharage. "Hizi ndizo. Lakini karibu tu, na ubavuni, nyuma ya bega. Usipige kitako, usipige anayekimbia, usipige majani yanayotikisika."

"Mbona unajua sana habari za kumuua, na wewe humuui?"

"Baba yangu alinifundisha nisije nikamuua kwa bahati mbaya."

Nilipiga kichuguu. Bunduki ilinirusha nyuma nikakaa chini. Mkono umevimba, si begani bali hapa juu ya msuli, na rangi yake ni ya zambarau. Wanawake waliokuwa wakichota maji walicheka hadi ndoo zikamwagika. Therese hakucheka. Alinichemshia maji, akanikanda.

"Utarudia?" akaniuliza.

"Kesho."

Oktoba 16.

Sikurudia, maana alikuja Rwegoshora. Huyu ndiye kaka mkubwa wa Gaudiosus, na tangu baba yao afe ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo. Nilimpa kiti na shikamoo. Alipokea shikamoo, kiti akakiacha.

"Nasikia mlio wa bunduki," akasema, "na ndugu yangu hana bega."

"Mimi bega ninalo, shemeji."

"Mke wa Gaudiosus, nisikilize vizuri. Damu ya engabi ikimwagika kwenye kibanja cha baba yetu, kibanja kitarudi mikononi mwangu, na wewe utarudi ulikotoka."

"Nilikotoka ni kwa mama yangu, kilima cha pili kutoka hapa. Nitakwenda siku nitakayomkumbuka. Kwa kufukuzwa siendi."

Akamgeukia Gaudiosus. "Unamsikia?"

Gaudiosus alikuwa anatazama miguu yake. "Namsikia," akasema. Basi. Neno moja. Nimempikia, nimempakulia, sikumwambia karibu.

Oktoba 21. Kayanga.

Tumekuja kwa lori la chumvi, kutafuta kibali changu cha kutumia bunduki. Gaudiosus amekubali kuja kwa sababu bunduki ni yake kwa leseni, na bila yeye ningekamatwa njiani. Ndiyo sababu aliyoitoa. Njia nzima hakusema nyingine.

Afisa wa polisi alinitazama kuanzia kilemba hadi ndala.

"Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Sasa bunduki ya nini, na mume yupo?"

"Mimi ndiye niliyeolewa, afande. Maharage hayajaolewa, hayana wa kuyatetea."

Mwenzake mezani alikohoa kuficha kicheko. Afisa akanisukumia bunduki. "Ifungue." Nikaifungua, nikachungulia mitutu yote miwili, nikamwonyesha haina kitu. "Ifunge." Nikaifunga nikiwa nimeielekeza chini. "Utaibebaje ukivuka shimo?" Nikasema naitoa risasi kwanza, ndipo navuka. Akamtazama Gaudiosus, Gaudiosus akatazama dirishani, lakini nilimwona shavu lake limesogea. Hayo yote yeye ndiye aliyenifundisha jana, kwa kunigombeza.

Kibali nimekipata. Kwa watu wa wanyamapori nimelipia mbawala, dume tu, na mwisho wa Desemba msimu unafungwa. Dume tu maana yake lazima nione pembe kwanza. Sawa. Nina macho.

Oktoba 23. Rugu.

Tumepitia kwa Mzee Polikarpi, Mlutheri mkulima wa kahawa, ambaye macho yake yamechoka na anauza bunduki ndogo ya mtutu mmoja, namba ishirini. Nilipoiweka begani nilitaka kulia. Nyepesi kama mwiko wa ugali. Shavu langu lilikaa lenyewe mahali pake, jicho likaona mtutu wote umenyooka. Nilijiona nimezaliwa nayo.

"Nzuri," Gaudiosus akasema. "Utailisha nini?"

Polikarpi ni mtu mkweli. Alisema risasi za namba hiyo hazijaletwa kwa miaka, na alizobaki nazo ni za marisau ya ndege. Nikairudisha mikononi mwake. Njiani Gaudiosus alisema, "Wengine wangeichukua kwa uzuri wake." Ni neno jema la kwanza tangu mwezi wa saba.

Oktoba 27. Bukoba.

Dukani muuzaji alikuwa na SSG za namba kumi na mbili, namba ya bunduki yetu, si nyingi. Alitaka sana kutuuzia risasi nyingine yenye pande moja zima la chuma ndani. "Hii inaangusha nyati," akasema. Nilivutiwa, sitaficha. Nilitaka kitu cha kumaliza maneno.

Gaudiosus alikataa. Alisema mtutu wa kushoto umebanwa mdomoni na wote ni wa zamani kuliko yeye, hataki ujaribiwe kwa pande zima. Tena pande hilo likimkosa engabi linakwenda mbali, na chini ya shamba letu kuna nyumba za watu. Marisau yanachoka mapema, hayafiki huko. Muuzaji akasema, "Basi utamkaribia mnyama hadi umpe mkono?" Nikamjibu mimi: "Ndiyo. Nitamkaribia."

Novemba 2.

Mvua siku tatu. Kwa Mungu tumekwenda tumelowa, tumerudi tumelowa.

Novemba 6.

Tumetundika gunia kuukuu mbele ya ukingo wa udongo, nikapiga mara mbili, mtutu mmoja mmoja, kutoka mbali kama kutoka mlangoni hadi mwisho wa migomba. Mtutu wa kulia ulitawanya marisau, mengine yalikosa hata gunia. Wa kushoto uliyashika pamoja kama vifaranga chini ya mama yao. Basi ni wa kushoto, na ni kifyatulio cha nyuma.

Lakini mkono umeumia tena, pale pale juu ya msuli. Nikakaa nikafikiri. Wote wanasema ni teke la bunduki, mwanamke haliwezi. Kama ni teke, mbona linanipiga mkononi, halinipigi begani? Nikaiinua tena, tupu. Kitako cha bunduki kinanasa kwapani kwa sababu ni kirefu. Gaudiosus ni mrefu kama mlingoti, baba yake alikuwa hivyo hivyo. Bunduki hii haina ugomvi na wanawake. Ina ugomvi na mikono mifupi.

"Kitako kikatwe," nikasema.

Sijamwona akibadilika uso namna hiyo hata siku alipoanguka.

"Hakikatwi."

"Vidole vitatu tu."

"Nimesema hakikatwi! Nikipona nitapigaje?"

Nikataka kumjibu. Jibu lilikuwa mdomoni. Nikamtazama bega lile, limeshuka kama tawi lililovunjika, nikameza jibu langu. Nilidhani anailinda mali. Kumbe analinda siku ambayo ataamka mzima.

Novemba 9.

Evaristi wa Therese amekwenda Rugu ameinunua ile bunduki ndogo, na kibali amepewa haraka kuliko mimi. Amepita hapa akiionyesha. "Mama Anonciata," akasema, "wewe endelea kuelewana na kitako. Engabi mwachie mwanamume." Nikamwambia, "Shemeji, risasi zake ni za ndege." Akasema engabi naye atajifunza kuruka.

Novemba 13.

Maharage ya kupanda mara ya pili yameliwa nusu. Anonciata anauliza kwa nini hatumwekei engabi sahani yake.

Novemba 16.

Evaristi amepiga. Tumesikia mlio jioni, kisha kubweka, kisha kimya. Amesema amemlenga vizuri na damu ameiona. Mnyama mwenyewe hakumpata. Gaudiosus alisimama uani muda mrefu akisikiliza upande wa kijito. Chakula hakula.

Novemba 18.



Asubuhi Therese alishuka kijitoni kukata nyasi za kutandaza nyumbani. Dume lililojeruhiwa lilikuwa limelala humo humo. Hakuliona hadi lilipoinuka. Lilimwingia paja kwa pembe, likamtupa, likarudi tena. Alijikinga kwa mundu. Mimi nilikuwa kwenye kahawa, nikasikia sauti ambayo sikujua kama ni yake. Tulipofika lilikuwa limekwenda, na yeye amekaa majini, amebana paja kwa mikono miwili, ananiambia kwa utulivu kabisa, "Kampire, funga hapa."

Nilifunga kwa kilemba changu. Wanaume walimbeba kwa machela hadi barabarani. Evaristi alikuwa mbele, analia kama mtoto, na ile bunduki nzuri imeachwa kwenye matope. Hospitali wamesema ataishi. Kuhusu mguu hawajasema.

Sikumwambia Evaristi neno. Nilikuwa nayo mengi, nikaona yeye mwenyewe anajisemea yote.

Rwegoshora alifika barabarani akasema kwa sauti, ili nisikie, "Mmeona? Engabi haguswi." Nikamgeukia mbele ya watu. "Aliyeguswa vibaya ndiye huyu, shemeji. Sasa yuko kwenye nyasi zetu na maumivu yake, na kesho wanawake watakwenda kuchota maji pale pale. Nani atakwenda kumwondoa? Wewe?"

 

Novemba 19.

Nimeamshwa na sauti ya msumeno.

Gaudiosus alikuwa amekaa uani, bunduki ameibana kati ya magoti, anakata kitako kwa mkono wa kushoto. Alikuwa ameshachora mstari kwa mkaa. Msumeno ulikuwa unamkwepa, mkono ule haukuzoea. Nikakaa mbele yake nikakishika kitako kisitikisike. Unga wa mbao ulituangukia miguuni.

Kipande kilipodondoka, alikiangalia kidogo, akakitupa jikoni, na chai ya asubuhi ikachemkia hapo.

Kisha akakata ndala yake moja ya katambuga, ule mpira mgumu wa tairi, akaugongomea mwishoni mwa kitako ili kisiteleze begani. "Inua," akasema. Nikainua. Kitako kikaja chenyewe, kikakaa kwenye bega, si mkononi. Jicho likaona mtutu wote.

"Inakaaje?"

"Inakaa, Baba Anonciata."

"Basi ni yako," akasema, akaenda kunawa uso. Alinawa muda mrefu.

Novemba 22. Jumamosi.

Siku mbili tumefuata alama. Damu kidogo kwenye majani, manyoya, mahali alipolala. Alikuwa hatoki mbali na kijito kwa sababu ya mguu wake. Wanawake wamechota maji upande wa juu, kwa zamu, na wanaume wanalinda kwa mikuki. Evaristi amelinda usiku na mchana, hajalala.

Leo alfajiri tulikaa chini ya mti ukingoni mwa kichaka, mahali ambapo upepo unatujia kutoka kwake. Gaudiosus alikuwa amesema hatakuja. Nilipotoka mlangoni nilimkuta ameshatangulia.

"Sitamtazama akifa," akaniambia.

"Usimtazame."

Akakaa ameniegemezea mgongo, uso wake ukielekea migombani. Niliusikia mgongo wake ukipumua. Kulikuwa na ukungu, na migomba inadondosha maji. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sijawahi kuona kuogopa kunamzuia mtu kukaa pale alipokaa.

Alitoka polepole. Kwanza pembe, zimejiviringa kidogo, nyeusi. Kisha uso, kisha ubavu mwekundu wenye madoa meupe. Mzuri. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni mzuri hivyo. Mguu wa nyuma alikuwa anauburuta, na paja lote lilikuwa limejaa nzi, na vidonda vidogo vidogo vimevimba usaha. Alichuma jani moja la mharage, akatafuna, akasimama kana kwamba hata kula kumemchosha.

Nilingoja. Alikuwa ananitazama uso kwa uso. Gaudiosus alisema ubavu, nyuma ya bega. Niliendelea kungoja, kidole nje. Nzi wakamsumbua, akageuza shingo kujiuma paja, na bega likafunguka lote. Nikavuta kifyatulio cha nyuma.

Sikusikia teke. Sikusikia hata mlio. Niliona tu amepiga magoti ya mbele, akalala.

"Ameanguka?" Gaudiosus akauliza, bado amegeuka.

"Ameanguka."

"Usiende. Jaza tena. Ngoja."

Nikajaza, nikangoja. Hakutikisika tena. Ndipo Gaudiosus akageuka, akanipita, akaenda akasimama karibu yake. Akamwambia maneno ya lugha yao ya zamani, mengine sikuyaelewa. Nilisikia jina la baba yake. Nilisikia jina langu. Baadaye akarudi akanishika bega, pale kinapokaa kitako, akasema, "Linauma?"

Haliumi.

Novemba 23.

Nyama nusu ilikuwa imeharibika kwa vidonda, tumeifukia. Iliyobaki nimepika nyumbani kwa Therese, kwa chungu cha Therese, ili chungu cha Gaudiosus kisiguswe. Nimekula pale na watoto wa Therese. Mume wangu ana haki ya mwiko wake kama mimi nilivyo na haki ya njaa yangu.

Novemba 26.

Ukoo umekaa nyumbani kwa Rwegoshora. Nimeitwa, nimekwenda. Nilivaa gauni langu la Pasaka.

Walisema mengi. Kwamba mvua itakata. Kwamba watoto watapata surua. Mzee mmoja akasema wanawake wa Rwanda ni wajuaji, nikamwambia asante. Rwegoshora alisema mwisho: kibanja kirudi kwa ukoo, mke aende kwao mpaka ng'ombe wa kusafisha kibanja apatikane.

Nilikuwa nimejiandaa kumjibu vikali. Lakini aliilaza fimbo yake sakafuni. Akasema, na sasa hakuwa anasema na mimi, "Baba yetu mdogo aliua engabi. Mwaka ule ule alizika watoto wawili. Mimi ndiye niliyechimba." Miaka yote hii nilidhani mtu huyu ni mkali. Mtu huyu anaogopa. Ukali ni ua aliojizungushia.

Nikasema, "Shemeji, pole kwa watoto wale. Lakini mimi sikuua kwa dharau. Niliua mnyama aliyekuwa anaoza akiwa hai, na aliyemtoboa Therese. Kama nyinyi mwiko unawakataza, mimi haunikatazi. Sitaomba radhi kwa kitu ambacho ningekifanya tena kesho. Na kwetu siendi."

Kelele zikapanda. Ndipo Gaudiosus aliposimama. Mume wangu huyu, ambaye mbele ya kaka yake sijawahi kumsikia akimaliza sentensi.

"Kibanja baba alinipa mimi, mbele yenu," akasema. "Kitako nimekata mimi, kwa mkono wangu. Kama mwiko una adhabu, ianzie kwangu. Lakini atakayemgusa mke wangu, au mpaka wa shamba lake, atanikuta. Nina mkono mmoja. Unanitosha."

Alisema *shamba lake*. Wote walisikia.

Tukatoka. Njiani hatukushikana mikono, sisi si vijana. Lakini alitembea kando yangu, hakutangulia.

Desemba 3.

Therese amerudi kwa gongo. Anasema kovu lake ni zuri kuliko la Evaristi, maana la Evaristi halionekani.

Desemba 8.

Mvua haijakata. Surua hakuna. Naandika tu.

Desemba 14.

Kokugonza, mke wa Rwegoshora, amekuja asubuhi amebeba kikapu kitupu. Maharage yao ya chini ya migomba yanaliwa. Dume jingine, kubwa, amelizoea shamba hata jua halimtishi. "Njoo jioni," akanong'ona. "Mzee atakuwa kilabuni. Hatajua."

"Atajua, dada. Mlio wa bunduki hauingii kwenye kikapu."

"Basi nifanyeje?"

"Mwambie aje mwenyewe."

Desemba 16.

Amekuja. Nimempa shikamoo, nimempa kiti. Leo amekaa. Alizungumza na Gaudiosus habari za kahawa, za bei, za padri mpya. Kisha akatazama migomba na kusema, kana kwamba anaiambia migomba, "Kesho jioni sitakuwepo nyumbani."

Gaudiosus alinitazama. Aliniachia mimi.

"Shemeji," nikasema, "mimi sitakuja kwako kama mwizi. Nina kibali cha serikali na nina jina. Nitakuja siku utakayokuwepo, umekaa mbele ya nyumba yako, na watu wanapita."

Chai yake akaiacha kikombeni. Akasimama akaondoka bila kuaga. Gaudiosus akasema, "Umemzidishia." Nikasema labda. Lakini mlango wa nyuma nimeutumia miaka kumi katika ukoo huu, na sasa nimeuchoka.

Desemba 18.

Hakuna habari. Nimepalilia.

Desemba 20. Jumamosi.

Kokugonza amemtuma mtu na maneno mawili: *Mzee yupo.*

Nilikwenda saa za alasiri, jua bado lipo, bunduki imefunguliwa mkononi kila mtu aione haina kitu. Watu walikuwa wanarudi sokoni. Wengine walisimama, wala hawakujificha kwamba wamesimama.

Rwegoshora alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake kwenye kiti cha mgongo, amevaa kanzu nyeupe kama anakwenda harusini. Kando yake kuna kiti kingine, hakina mtu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Akanyoosha fimbo. "Yuko upande wa mawio, kwa migomba ya Kokugonza. Mbwa wangu nimemfunga."

Nikapita mbele yake. Nilikaa migombani hadi weusi wa majani na weusi wa wanyama ukawa mmoja. Hakuna kilichotoka. Nikatoa risasi, nikaifungua bunduki, nikarudi kwa njia ile ile.

Alikuwa bado amekaa. Barabarani watu walikuwa wamepungua, lakini walikuwepo.

"Sikusikia mlio," akasema.

"Hakutoka, shemeji."

Akaitazama bunduki, akanitazama mimi, akatazama wale wa barabarani. Kisha akainua sauti, sauti ile anayoitumia kwenye vikao, ikavuka ua wake na kufika ng'ambo ya njia.

"Basi kesho uje tena," akasema. "Na ukija, pitia hapa ukae kwanza."